Somo: Kuvamia sayari za adui kwenye Stellaris (mchezo wa kompyuta wa himaya za anga) ukiwa na washirika

Wakuu wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Tukuyu hadi Mafinga swali ni lile lile: "Askari nimeshusha mimi, mbona sayari kachukua mshirika?" Naandika jibu mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Angalia adui ana mkataba wa kujihami na nani, yuko shirikisho gani, na kama ni kibaraka wa mtu. Hao wote watakuja.

2. Ukiwa kwenye shirikisho, kura kwanza. Sheria zenu ndizo zinazosema kama wote wakubali au wengi wanatosha.

3. Madai. Hapa twende taratibu, maana ndipo watu wanapolia. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2018, vita vya kawaida vya kuteka havimpi ardhi aliyemwaga damu, vinampa mwenye madai, yaani aliyeandikisha mapema ndani ya mchezo kwamba eneo hilo ni haki yake. Madai unalipia kwa ushawishi (moja ya rasilimali za mchezo), na mfumo wa nyota ukiwa mbali na mpaka wako bei inapanda. Mfumo mmoja unaweza kuudai zaidi ya mara moja. Sasa mshirika akiwa na madai mawili na wewe moja, utavunja kituo cha anga, utapoteza nusu ya askari, na siku ya amani itapanda bendera yake. Kwa hiyo fungua ramani ya madai, pitia mfumo mmoja mmoja unaoutaka. Usiridhike kwamba na wewe umo, tazama mwenzako ana mangapi. Kakuzidi? Ongeza, au muachie upeleke nguvu kwingine. Yafanye haya kabla ya kutangaza vita.

Tahadhari: mfumo ushikwe wote, kituo cha anga na kila sayari yenye wakazi. Ikibaki sayari moja, amani ikija bila adui kusalimu amri, mfumo mzima unabaki kwake.

4. Vunja kituo, piga mabomu kutoka juu walinzi walegee, ndipo ushushe. Meli za askari zisubiri nyuma mpaka anga iwe safi.

5. Uchovu wa vita ni wa upande mzima. Mshirika akipeleka meli zake kufa hovyo, namba inayopanda ni yenu nyote. Ikifika asilimia 100, baada ya miezi 24 adui anaweza kuwalazimisha amani.

MASWALI

Makambako: Mkuu, mbona mshirika kanichukulia sayari?

Jibu: Hatua ya 3.

Makambako: Nimeisoma, lakini mimi ndo nilishusha askari!

Jibu: Ulikuwa na madai mangapi, yeye mangapi? Leta namba, vinginevyo tunapotezeana muda.

Iringa: Kaka, vita kaanzisha mshirika, mimi nimefuata tu. Kafunga amani nimebakiza sayari moja. Ningeweza kumzuia?

Jibu: Hapana dada, na umeuliza jambo la msingi. Anayezungumza amani ni kiongozi wa vita peke yake. Ukiingia vita vya mwenzako, anza na mifumo unayoidai yenye sayari moja au isiyo na wakazi kabisa, uikamilishe mmoja mmoja. Mji mkuu wa adui uwe wa mwisho, pale ngome huwa nyingi na utakula miezi. Kama sayari fulani unaitaka kweli, tangaza vita mwenyewe.

Njombe: Na vita vya kuangamizana, ukishakuwa na Colossus, ile meli kubwa ya kuangamiza sayari?

Jibu: Huko madai hayahesabiwi, unachoshika ni chako papo hapo. Ila mshirika naye hivyo hivyo, kwa hiyo meli za askari zifuate manowari kwa karibu. Ukichelewa, kashusha yeye.

Mbalizi: Nje ya mada wakuu, umeme ukikatika napoteza miaka mizima ya mchezo.

Jibu: Kwenye mipangilio, punguza muda wa mchezo kujihifadhi wenyewe. Kila mwaka ni mbali mno kwa masika ya huku.

Tukuyu: Na kompyuta ikiwa nzito mwishoni, anzeni na galaksi ndogo na mpunguze sayari zinazokalika. Yangu ya zamani sasa inafika mwisho bila kuganda.