Kuandika programu ndani ya kivinjari: kuanza na Codespaces bila kumaliza bando wala saa za bure

Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa kujifunzia na hata kufanyia kazi ya programu, ilimradi mizigo mizito usiibebeshe yenyewe. Kihariri, terminali (dirisha la kuandikia amri), lugha ya Python na maktaba zake vyote vinaweza kukaa kwenye seva ya mbali, wewe ukavifikia kwa kivinjari. Nawaelekeza wanaoanza kwa njia hii, na faida kubwa ninayoiona ni ile ambayo matangazo ya kampuni huwa hayaitaji: bando. Ukiagiza maktaba kama PyTorch, yale mamia ya megabaiti yanasafiri kutoka seva moja hadi nyingine. Kwako yanafika maandishi ya terminali tu.

Mwongozo huu unatumia GitHub Codespaces, huduma inayokuazima kompyuta ya mbali ndani ya kivinjari, kwa sababu tangu Novemba 2022 mwenye akaunti ya kawaida isiyolipiwa hupewa saa za bure kila mwezi. Mfano wetu ni daftari la michango ya kikoba, lililoandikwa kwa Flask, maktaba ya Python ya kutengenezea tovuti. Shika jambo moja tangu mwanzo: mashine utakayopewa ni ya kuazima, na kilicho chako hasa ni repo, yaani folda ya mradi wako inayohifadhiwa GitHub. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Weka mipaka kabla hujafungua chochote

Wengi huruka hatua hii, halafu katikati ya mwezi wanafungiwa.

GitHub huhesabu matumizi kwa viini vya prosesa. Unapewa saa 120 za kiini kwa mwezi, pamoja na GB 15 za kuhifadhia. Mashine ndogo kabisa ina viini 2 na RAM ya GB 8, kwa hiyo kila saa moja ya saa yako ya mkononi inakula mbili. Una saa 60 halisi. Ukichagua mashine ya viini 4 unabaki na 30. Kwa Flask, Django au JavaScript ya kawaida, chukua ya viini 2.

Kufunga ukurasa hakuzimi mashine. Itaendelea kula saa zako hadi muda wa kukaa kimya uishe, na muda huo umewekwa dakika 30. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, fungua "Codespaces", tafuta "Default idle timeout", uweke 10. Usiongeze kadi ya benki mpaka uwe na sababu ya kufanya hivyo. Bila njia ya malipo, saa zikiisha unazuiwa tu, hudaiwi.

Papo hapo kuna "Region". Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, jaribu "Europe West" kwanza. Herufi unazoandika kwenye faili hushughulikiwa ndani ya kivinjari chako, hivyo utaziona mara moja hata mtandao ukiwa mzito. Uzito utauhisi kwenye terminali, maana huko kila amri lazima iende na kurudi.

Hatua ya 2: Fungua repo na mashine

Tengeneza repo mpya, uiite `daftari-kikoba`, uifanye ya faragha, na ukubali iwe na faili ya README. Bofya kitufe cha kijani "Code", nenda kichupo cha "Codespaces", kisha "Create codespace on main". Baada ya muda mfupi kihariri cha VS Code kinafunguka ndani ya kivinjari.

Kama unataka kurekebisha mstari mmoja tu, usiwashe mashine. Ukiwa kwenye ukurasa wa repo, bonyeza kitufe cha nukta kwenye kibodi. Kihariri chepesi kitafunguka bila seva yoyote nyuma yake, na hakigusi saa zako. Hakiwezi kuendesha programu, lakini kwa kusahihisha tahajia au bei kinatosha.

Hatua ya 3: Andika mazingira yako kwenye faili

Hapa usiharakishe. Unaweza kusakinisha vitu kwa mkono kwenye terminali na vikafanya kazi, ila siku mashine ikifutwa, vyote vimekwenda nayo. Na itafutwa: mashine isiyoguswa kwa siku 30 huondolewa yenyewe. Kwa hiyo kila kitu ambacho mradi unahitaji kiandikwe.

Tengeneza folda iitwayo `.devcontainer`, ndani yake weka faili `devcontainer.json`:

```
{
  "name": "daftari-kikoba",
  "image": "mcr.microsoft.com/devcontainers/python:3.12",
  "postCreateCommand": "pip install -r requirements.txt",
  "forwardPorts": [5000]
}
```

Mstari wa `image` unachagua mfumo wenye Python 3.12. `postCreateCommand` ni amri ya kuendeshwa kontena (boksi linalobeba mazingira ya mradi wako) ikishatengenezwa. `forwardPorts` unafungua njia ya kuiona programu yako kwenye kivinjari. Kando ya folda hiyo, siyo ndani yake, tengeneza `requirements.txt` yenye neno moja: `flask`.

Sasa bonyeza F1, andika "Rebuild Container", ukubali. Kuanzia hapo, mwenzako yeyote utakayempa ruhusa ya repo atapata mazingira yaleyale, bila kuulizana ana toleo gani la Python.

Kumbuka pia kwamba kontena ikijengwa upya, kinachosalia ni kilicho ndani ya `/workspaces`. Faili ulizoacha kwenye folda ya nyumbani zinapotea.

Muundo wa faili hii uko wazi na huduma nyingine pia huusoma. Hilo lina uzito, kwa sababu huduma hizi huja na kuondoka. Cloud9 ilianza 2010, ikanunuliwa na Amazon 2016, na mwaka 2024 ikafungwa kwa wateja wapya. Ukiwa na repo na faili hii, kuhama hakutakuumiza.

Hatua ya 4: Endesha programu

Tengeneza `app.py`:

```
from flask import Flask
app = Flask(__name__)

@app.route("/")
def mwanzo():
    return "Daftari la kikoba liko tayari"
```

Kwenye terminali andika `flask run --debug`. Ujumbe utatokea chini kukuuliza kama ufungue kivinjari. Kubali.

Anwani utakayoiona ni yako peke yako mpaka uamue vinginevyo. Ukitaka mweka hazina aione kwenye simu yake, nenda kichupo cha "Ports", bofya kulia, ubadilishe "Port Visibility" iwe "Public". Fanya hivyo kwa data ya majaribio tu, kisha irudishe. Majina ya wanachama na michango yao halisi hayapaswi kuwa mahali ambapo yeyote mwenye kiungo anaweza kuyafungua.

Hatua ya 5: Siri zikae mbali na msimbo

Nenosiri la hifadhidata au ufunguo wa huduma ya malipo ya simu usiuandike ndani ya faili, hata kama repo ni ya faragha. Kwenye mipangilio ileile ya "Codespaces" kuna "New secret". Ipe jina, mfano `UFUNGUO_MALIPO`, chagua repo itakayoutumia, kisha uisome kwenye Python kwa `os.environ["UFUNGUO_MALIPO"]`. Zima mashine na uiwashe tena ndipo isomeke.

Hatua ya 6: Tuma kazi, zima mashine

Kihariri cha kwenye kivinjari hujihifadhia faili chenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla hupotezi mengi. Lakini kuhifadhi kwenye mashine ya kuazima hakutoshi. Itume kazi kwenye repo kwa amri hizi za terminali:

```
git add .
git commit -m "Ukurasa wa mwanzo"
git push
```

Halafu fungua github.com/codespaces, bofya nukta tatu kando ya mashine yako, chagua "Stop codespace". Mradi ukiisha, ifute kabisa, kwani hata ikiwa imezimwa inakula nafasi kwenye zile GB 15. Na ikitokea saa zimeisha kabla hujatuma kazi, menyu hiyohiyo ina "Export changes to a branch", itakayoihamishia kwenye tawi jipya la repo.

Hatua ya 7: Jiandae kwa siku intaneti itakapokatika

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania, Kenya na majirani wakabaki na intaneti ya kusuasua. Siku kama hiyo kivinjari hakikufikishi kwenye seva ya Ulaya.

Weka nakala ya repo kwenye kompyuta yako mapema kwa `git clone`, uipyaishe kwa `git pull` kila unapomaliza kazi. Kama una RAM ya GB 8 au zaidi, sakinisha VS Code, Docker (programu ya kuendeshea kontena) na kiendelezi cha Dev Containers, uijenge kontena mara moja usiku kwa bando la bei nafuu, itasoma `devcontainer.json` ileile. Kwenye mashine ya GB 4 Docker itakuchosha. Hapo tumia mazingira ya kawaida ya Python:

```
python -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
pip install -r requirements.txt
```

Kwenye Windows, mstari wa pili unakuwa `mazingira\Scripts\activate`. Ongeza `mazingira/` kwenye faili ya `.gitignore` ili folda hiyo isiingie kwenye repo, na `flask run` itafanya kazi bila intaneti.