Makaburi ya zamani shambani: kuyasafisha na kuyaorodhesha bila kuyaharibu

Siku ya kwanza panga libaki nyumbani. Najua mkono unawasha ukiona kichaka kimefunika makaburi ya wazee, lakini ukifyeka kabla ya kukagua utang'oa alama ambazo hukujua kuwa ni alama.

Hatua ya 1: Tembea ukitazama chini. Kaburi lisilo na kibao hujulikana kwa ardhi iliyobonyea kwa urefu wa mtu, ikielekea upande mmoja na nyingine za jirani. Mawe mawili ya kawaida, moja kichwani na jingine miguuni, hayakujipanga yenyewe. Hata maua ya bustani yanayoota katikati ya pori kuna aliyeyapanda. Unaposhuku, chomeka kigingi pembeni, kamwe si juu ya kaburi.

Hatua ya 2: Chora ramani. Vuta kamba kati ya vitu viwili visivyohama, kisha pima kwa tepu umbali wa kila kaburi. Simu haitoshi: GPS yake hukosea mita 5 hivi hata mahali pa wazi, na katika mita 5 hupangwa makaburi kadhaa.

Hatua ya 3: Fyeka kwa mkono. Mti ulioota juu ya kaburi ukate usawa wa ardhi. Ukiung'oa, mizizi itatoka na jiwe, na pengine na zaidi ya jiwe.

Hatua ya 4: Piga picha kabla ya kuosha. Jua likiwa utosini maandishi yaliyofifia hayasomeki. Shika kioo, urushe mwanga uambae uso wa jiwe kutoka ubavuni. Au rudi usiku na tochi. Kila mchongo utatupa kivuli. Kuna mwaka nilishausoma 1871, tochi ikanionyesha kistari kidogo juu ya tarakimu ya mwisho: 1877. Usijaze herufi kwa chaki wala unga. Nakili maneno yalivyo, makosa ya mchongaji yakiwemo.

Hatua ya 5: Osha, kama kuna ulazima. Gonga taratibu kwa kidole. Jiwe likilia kama debe tupu, au likimomonyoka kama sukari, liache. Lililo zima lilowanishe kwa maji mengi, usugue kwa brashi laini kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasiache michirizi. Siki na limau hula marumaru. Klorini huacha chumvi inayopasua jiwe kutoka ndani. Brashi ya waya nilishaitumia zamani, nikafuta jina zima kwa dakika kumi. Bado naona aibu.

Hatua ya 6: Kibao kilichoanguka usikiinue peke yako. Cha marumaru chenye urefu wa mita 1, upana wa nusu mita na unene wa sentimita 10 kina kilo 135 hivi. Na usikigandishe kwa saruji: ni ngumu kuliko jiwe la kale, hivyo ufa unaofuata utapita kwenye jiwe. Tafuta fundi anayejua udongo wa chokaa, yaani chokaa iliyochanganywa na mchanga kuunganishia mawe.