Mbege ya ndoo moja: kazi iko kwenye kimea

Karibu kila anayetaka kujifunza kupika mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, huniuliza habari za ndizi: ndizi gani, ngapi, ziive kiasi gani. Mimi humuuliza kwanza: ulezi wako umeota? Kuchemsha ndizi si kazi ngumu. Mbege nyingi zinazowashinda wanaoanza huwa zimeharibika wiki nzima kabla ya kupikwa, kwenye gunia la ulezi lililoachwa likae tu. Kwa hiyo hapa chini nitakaa sana kwenye kimea, yaani ulezi ulioota ukakaushwa, mengine nitayapitia haraka.

Kipimo hiki ni cha ndoo moja ya lita 20 isiyojaa. Utapata kama lita 9 au 10, zinazowatosha wageni wachache nyumbani. Tafuta ulezi kilo 1, ndizi mbivu kilo 5, kipande cha gamba la msesewe (mti wa kutia uchungu), hamira kidogo, sufuria kubwa mbili, mwiko, ndoo mbili za chakula zenye vifuniko na kitambaa cheupe cha kuchujia. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa usiitumie hata ukiiosha mara mia.

Hatua ya 1: Kuotesha ulezi (siku 4)

Nunua ulezi wa kula, wenye punje nzima, usiokobolewa. Usichukue mbegu kwenye duka la pembejeo: nyingi zimepakwa dawa, na dawa hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Kabla ya kuloweka kilo nzima, jaribu kijiko kimoja kwenye kitambaa kibichi. Baada ya siku mbili, ikiwa punje nyingi hazijatoa mzizi, ulezi huo ni mzee. Upikie uji, utafute mwingine.

Ulezi ukiwa mzima, upepete, uuoshe mpaka maji yawe safi, kisha uuloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, uache uchuruzike vizuri, halafu uutandaze kwenye gunia safi lililolowanishwa, unene wa vidole viwili, si zaidi. Ufunike kwa gunia jingine au majani ya mgomba, uuweke mahali penye kivuli na joto. Nyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni. Kila unaponyunyiza, ugeuze wote kwa mikono, wa chini uje juu.

Huko kugeuza ndiko watu wanakokuonea uvivu. Shangazi yangu wa Kibosho, aliyenifundisha, alikuwa akizamisha mkono mpaka kifundoni katikati ya rundo, ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Mwanangu, huu umeanza kuchoka, utandaze." Nilichukua muda kuelewa alichokuwa anakisikia. Ulezi unaoota hutoa joto lake wenyewe. Mkono ukisikia uvuguvugu kama wa kwapani, mambo ni mazuri. Ukisikia joto la kuunguza, punje za katikati zinakufa, na punje iliyokufa ikiwa bichi ndipo ukungu unapopata kitanda.

Kuhusu ukungu sina mjadala. Ukiona nyuzi za kijani, nyeusi au manjano, au ukisikia harufu ya nguo zilizokaa mbichi, tupa wote. Usichambue ukabakiza "ulio mzuri." Ukungu wa nafaka unaweza kuleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni.

Siku ya tatu au ya nne mizizi itakuwa imesukana kama zulia jembamba na kichipukizi kimefikia karibu sentimita moja. Simamisha hapo. Ukiuacha urefuke, mmea unakula sukari unayoihitaji wewe.

Hatua ya 2: Kukausha na kusaga (siku 2 au 3)

Anika kwenye jua kali, tabaka jembamba, na jioni uuingize ndani usipate umande. Ukikauka utalia ukiukamata kiganjani. Usugue kati ya viganja mizizi ikatike, upepete. Sasa tafuna punje chache: ziwe zinavunjika kwa mlio na kuacha utamu ulimini. Utamu huo ndio ushahidi kwamba una kimea. Kama unaonja unga mtupu, hakikuota vya kutosha.

Saga uwe wa chengachenga, usiwe laini kama wa uji wa mtoto. Mashine ya mtaani iwe imesafishwa, maana mabaki ya mahindi ya jana yanabadilisha ladha.

Hatua ya 3: Ndizi

Kilimanjaro wengi hutumia ndizi ng'ombe au kisukari. Mahali ulipo tumia ndizi yoyote tamu iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi, ila isiwe imeoza. Menya, katakata, weka maji lita 6, chemsha kwa moto wa wastani saa tatu au nne ukikoroga na kuongeza maji yanapopungua. Mwanzoni utaona rojo la manjano lisilovutia. Endelea tu. Litageuka wekundu wa chai ya rangi na harufu itakuwa ya sukari iliyoungua kidogo. Hapo epua, funika, lipoe kabisa.

Mimina kwenye ndoo ya kwanza. Zamani pipa la mbao lilikuwa na chachu yake kwenye nyufa, ndiyo maana wazee hawakulisugua kwa sabuni. Ndoo mpya ya plastiki haina urithi huo, kwa hiyo weka nusu kijiko cha chai cha hamira, au kikombe cha mbege nzuri ya mtu mwingine. Funika kwa kitambaa au egesha kifuniko bila kukikaza. Dar es Salaam siku tatu zinatosha. Marangu wakati wa baridi inaweza kufika siku sita. Utaona povu na kusikia mchemko mdogo usio na moto. Povu likitulia, chuja kwa kitambaa na ukamue machicha. Machicha wape ng'ombe au nguruwe.

Hatua ya 4: Uji wa kimea

Fanya hatua hii siku unayochuja ndizi. Koroga unga wa kimea kwenye lita 5 za maji baridi, ndipo uweke jikoni kwa moto mdogo. Usimwage unga kwenye maji yanayochemka. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na vinafanya kazi vizuri uji ukiwa kati ya nyuzi joto 60 na 70. Ukichemsha ghafla unaviua kabla havijaanza kazi.

Kama huna kipimajoto, angalia hivi: mvuke unapanda, uji haujatoa mapovu, na kidole kinavumilia mara moja tu. Epua hapo, funga sufuria kwa blanketi zito, uache saa moja. Ukifungua, uji uliokuwa unaanza kuwa mzito utakuwa umelegea, na ukiuonja ni mtamu ingawa hukutia sukari. Kila nikiona hivyo nafurahi kama mara ya kwanza. Sasa urudishe jikoni, uchemke dakika 20, kisha uupoze mpaka vuguvugu.

Msesewe uchemshe peke yake: kipande cha gamba lililokauka, ukubwa wa kidole gumba, kwenye nusu lita ya maji mpaka yawe kahawia na machungu. Ongeza kwenye uji kidogo kidogo huku ukionja. Uchungu huo unasawazisha utamu. Msesewe ni wa jamii ya Rauvolfia, miti iliyowahi kutoa dawa ya kushusha presha, kwa hiyo usizidishe, na mwenye kutumia dawa za presha mpikie bila huo. Mjamzito asipewe mbege kabisa, iwe na msesewe au isiwe nao. Na usinunue gamba kwa mtu asiyeujua mti wenyewe.

Hatua ya 5: Kuchanganya

Mimina uji vuguvugu na maji ya ndizi kwenye ndoo ya pili, koroga, funika kwa kitambaa, iache usiku mmoja. Asubuhi itakuwa na povu juu na ukakasi mwepesi chini ya utamu. Koroga kila unapochota, maana ulezi hutuama, na mbege isiyo na ulezi ndani yake si mbege.

Usiifunge kwenye dumu ukakaza kifuniko. Bado inatoa hewa. Niliwahi kukaza dumu la lita 5 ili nilipeleke kwenye posa asubuhi. Usiku kifuniko kiliruka na theluthi nzima ikaishia ukutani. Ukisafirisha, acha nafasi na ulegeze kifuniko.

Inywewe siku hiyo au kesho yake. Siku ya tatu uchachu unashika, na kilevi nacho kinakuwa kimepanda. Ikiwa chachu mno, iache iwe siki. Usishawishike kuitonesha iwe gongo: gongo Tanzania ni kosa kisheria, na pombe ya kutonesha kienyeji imepofusha na kuua watu. Kuuza mbege nako kunataka leseni, hivyo ndoo hii iwe ya nyumbani.

Kabla ya kuosha ndoo, chota kikombe cha mashapo ya chini, weka kwenye chupa safi yenye kifuniko kilicholegea, uiweke kwenye friji. Ukipika tena ndani ya wiki mbili, hicho ndicho kitachukua nafasi ya hamira, na utaona tofauti kwenye ladha.