Jipangie maji mafu yako: namna ya kupumzika na kazi zikiwa tele

Mie nalima mwani huku Micheweni, kaskazini ya Pemba. Jioni nachoma mikate ya ufuta ya kuuza, na hapo katikati kuna watoto, mama mkwe, kikoba na shughuli za mtaa. Nakwambia haya mapema usije ukadhani wanaoandika habari za kupumzika wote wana nafasi. Nilichonacho mie ni bahari, na bahari ina ratiba yake haimuulizi mtu.

Sisi wa pwani tunajua kila mwezi una bamvua mbili, moja mwezi unapoandama na nyingine unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa mbali sana. Saa tatu, saa nne asubuhi mashamba yako wazi, unakwenda kwa miguu unafunga mbegu, unavuna, unakaza vigingi vilivyolegea. Maji yakianza kujaa unatoka, hata kama kamba zimebaki. Kati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, kiasi cha siku ya saba au ya nane tangu mwezi uandame, na tena ya ishirini na mbili au ishirini na tatu. Hapo maji hayapwi vya kutosha wala hayajai sana, na shambani hakuendeki vizuri. Kilimo hiki kilianza visiwani mwaka 1989, lakini bibi zetu walikwenda na hesabu hiyo hiyo walipokuwa wakifuata pweza na chaza.

Basi shauri langu la kwanza ni hili: usingoje kazi ziishe ndipo upumzike, maana haziishi. Pumziko lako lining'inize kwenye kitu kisichongoja, kama sie tulivyoling'iniza kwenye maji.

Anza kwa kujua bamvua ya kazi yako ni lini. Mshoni bamvua yake ni Shaaban na Ramadhani, mpaka usiku wa kuamkia Idi. Mwalimu wa skuli ni mitihani. Mwenye duka ni mwisho wa mwezi watu wakishika mishahara. Anayefanya kazi hotelini ni Julai, Agosti na Disemba. Siku hizo usijidanganye kuwa utapata nafasi ya kukaa ukafikiri. Kula vizuri, lala mapema, basi. Halafu chukua kalenda, ile ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu na za Kizungu pamoja, utie alama siku zako za maji mafu. Zitie kabla hujaombwa kitu. Ukishaombwa utaona aibu kukataa, na siku itaondoka.

Pumziko la kila siku ni jambo jengine. Mie yangu iko baada ya Adhuhuri. Wazee wanauita usingizi wa kailula, na wanaojua dini watakwambia ni sunna. Natandika mkeka ukumbini penye upepo, miguu naiegemeza ukutani, kanga usoni. Mlango naurudisha nusu. Simu naiacha chumbani juu ya kabati, si pembeni yangu, kwa sababu simu iliyo karibu hata ikinyamaza unaisikia. Nusu saa inatosha. Ukijiachia mpaka Alasiri utaamka kichwa kizito na hasira za bure.

Utaniuliza, na watu je? Hapa pana siri ndogo. Ukimwambia jirani "nimepumzika," atakuja, kwa sababu kwake yeye kupumzika ni kuwa una nafasi. Mwambie "njoo baada ya Alasiri." Hutahitaji kumweleza lolote. Kwetu miadi ya sala watu wanaishika kuliko miadi ya saa. Vivyo hivyo kwa mtu wa ofisini: usiseme huna kazi saa hiyo, sema utapatikana saa ngapi.

Na kwa sisi tunaosali, nafasi tano zipo tayari, ila tuna tabia ya kuruka kwenye mswala kama umeshika moto. Salamu imetolewa, mtu keshafika jikoni. Kaa. Subhanallah thalathini na tatu, Alhamdulillahi thalathini na tatu, Allahu Akbar thalathini na tatu, kwa vidole, bila haraka. Ni dakika chache tu, na chungu hakitaungua.

Sasa kufikiri. Kupumzika mwili ni rahisi, kufikiri ndiko kunakotushinda, maana ukikaa kitako mikono mitupu unaona kama unafanya uvivu na watu wanakutazama. Ndio maana mie nasuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu wa kushonea mikeka. Miyaa, ndiyo majani yenyewe, unailowesha kidogo isikatike, unaianza, na kila jani likifupika unachomeka jipya chini yake. Vidole vikishazoea havikuhitaji tena, na kichwa kinakuwa huru. Tena ukionekana na ukili mkononi hakuna atakayesema umekaa bure! Mvuvi anaweza kufanya hivyo kwa kushona wavu. Kuchambua mchele kunafaa pia. Cherehani haifai, inataka macho, na ukikosea umeharibu kitambaa cha mtu.

Mwanzoni hutafikiri chochote cha maana. Yatakuja madeni, maneno ya wifi, bei ya mwani, nani kakukatia simu. Yaache yapite, endelea kusuka. Ukivumilia, ukili ukishafika magotini hivi, kinakuja kitu chengine kilichokuwa kimekaa chini ya hayo yote. Siwezi kukwambia ni nini, kila mtu na lake. Ninalojua ni kuwa ukiwasha redio hakiji.

Wanaume watasema wao wana baraza. Baraza ni nzuri, kahawa na kashata, bao, habari za mpira na za siasa, na mwenye shida hupata msaada pale. Lakini kwa kutafakari hapafai. Mtu huondoka na rai za watu saba, yake mwenyewe haijui. Bwana mwenye kutaka kufikiri na ashuke pwani peke yake kabla ya Magharibi, ndipo aje barazani baada ya Isha.

Kila maji mafu natoa daftari. Ni daftari la skuli la kawaida, na naandika kwa mwandiko wangu mbaya. Najiuliza mambo matatu tu. Kitu gani kimenichosha kuliko faida yake? Lipi nililikubali kwa haya? Nani sijamtia machoni siku nyingi? Halafu jibu moja kati ya hayo nalifanyia kazi kabla ya bamvua inayokuja, mengine yakae. Huko ndiko ulikotoka uamuzi wa kutopokea oda za mikate siku za bamvua. Mkate wa ufuta unataka usimame nao, uugeuze uso kwa makaa mpaka ufuta uive rangi, na mtu aliyetoka kuinama majini tangu asubuhi hana mgongo wa kusimama hivyo. Wateja wengine walinuna. Wananunua siku nyengine.

Kuhusu shughuli: maziko usikose, hata kama ni siku yako ya kupumzika. Harusi ndiyo yenye nafasi ya kupangwa. Peleka mchango wako mapema, uulize siku ipi unahitajika hasa, nenda siku hiyo ukafanye kazi kweli, zile nyengine omba radhi. Mtu hakumbuki ulikaa siku ngapi. Anakumbuka ulikuwepo wakati wa kupakua pilau.

Mwenye watoto wadogo au mgonjwa ndani, haya yote hayatamwezekea peke yake. Afanye zamu. Mie na shoga yangu tumekubaliana: maji mafu haya watoto wake wanashinda kwangu, yajayo wangu wanashinda kwake, toka Adhuhuri mpaka Alasiri. Msiachie mambo hewani, semeni siku na saa, na yule mwenye zamu ya kupumzika asionekane dukani. Watoto wapeleke washakula. Mtoto mwenye njaa atarudi kwako kabla hujamaliza kutandika mkeka.