Kabla ya kikao cha biashara kwa Kiingereza: misemo ya kujiandaa nayo

Mtu akisikia kwamba kikao cha wiki ijayo kitaendeshwa kwa Kiingereza, hukimbilia orodha ndefu ya misemo na kuanza kuikariri. Sioni faida yake. Misemo mingi ni mapambo. Ukikupita mmoja, sentensi inayofuata itakupa maana. Ila ipo michache inayobeba bei, tarehe au uamuzi, na hiyo ndiyo ya kushughulikia mapema.

Kwanza ujue unakwenda kuongea na watu wa wapi. Mwingereza akisema "let's table this", anataka jambo lijadiliwe sasa hivi. Mmarekani akitamka maneno hayo hayo, anataka liwekwe kando. Winston Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa Uingereza walikuwa na waraka wa haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani kwamba wangependa ku-"table". Wamarekani wakaelewa kwamba waraka unatiwa kwenye droo na kusahauliwa. Walibishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walitaka kitu kimoja. Sifa nazo zina mtego wake: "quite good" kwa Mmarekani ni pongezi, lakini kwa Mwingereza mara nyingi ni "si mbaya, basi tu".

Kwenye bei, msemo wa kuuogopa ni "ballpark figure". Umetoka kwenye besiboli, na anayeutumia anaomba makadirio ya juu juu, siyo bei rasmi. Tatizo ni kwamba namba ukishaitamka huwa haisahauliki. Ukijibu "dola 40,000" na kunyamaza, mteja ataiandika, ataipeleka kwa bosi wake, na mwezi ujao utaulizwa kwa nini umepandisha. Kwa hiyo nenda na jibu lililokwisha andaliwa: kati ya dola 35,000 na 45,000, bila usafirishaji wala kodi, na bei kamili itatoka baada ya kuona michoro. Vivyo hivyo wakikutajia wao namba ya namna hiyo, usiiingize kwenye bajeti yako kana kwamba wameshakubali.

Tarehe zinahitaji umakini wa aina hiyo hiyo. "Push back" kwa kawaida ni kusogeza mbele kwa maana ya kuchelewesha. "Bring forward", au "move up" kwa Wamarekani, ni kuwahisha. Maneno "end of day" yanaonekana mepesi hadi uulize siku ya nani: saa 11 jioni London, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni saa 6 mchana New York. Na "next Friday" huwachanganya hata wenyewe: ni Ijumaa hii inayokuja au ya wiki inayofuata?

Kama kuna dalili ya mkataba, soma kuhusu misemo miwili ya kisheria kabla hujaondoka nyumbani. Barua yenye "subject to contract", kwa sheria ya Uingereza, kwa kawaida ina maana kwamba hakuna anayebanwa na makubaliano hadi mkataba wenyewe ukamilike, hata kama mmepeana mikono na kupiga picha. "Without prejudice" hutumika kwenye mazungumzo ya kumaliza mgogoro, ili yale mliyosemezana yasije yakatumiwa mahakamani kama ushahidi. Hapo usibahatishe, muulize mwanasheria.

Mengine ni ya kupita haraka. "Let's take this offline" haihusu intaneti: tuliongee pembeni baada ya kikao. "With all due respect" ni pingamizi linakuja. "I hear you" siyo ndiyo, ingawa wengi hutoka nayo wakidhani wamekubaliwa.

Andaa pia swali la kukuokoa, ulizoee mdomoni: "Just so I'm clear, do you mean today or later?" Hakuna atakayekudharau kwa kuuliza, mara nyingi kuna mwingine mezani aliyekuwa anaona aibu kuuliza. Wewe mwenyewe usitumie msemo uliojifunza jana usiku. Kwenye kikao cha watu wa mataifa mbalimbali, Kiingereza kilichonyooka ndicho kinachoeleweka na wote.

Mwisho, andika barua pepe ya muhtasari kabla ya kikao, ukiacha nafasi za kujaza: nani atafanya nini, lini, kwa kiasi gani. Usitie msemo wowote ndani yake. Palipo na saa, taja na mji. Palipo na bei, taja sarafu na kama ni makadirio au ya mwisho. Ijaze na uitume siku hiyo hiyo ya kikao, na uombe wakujibu kama kuna walichokielewa tofauti.