SOMO: Namna ya kupima madai kwamba filamu za James Bond zinajipinga

Nimeandika somo hili kwa sababu swali la kwa nini Blofeld, adui mkuu wa jasusi James Bond, anashindwa kumtambua Bond katika filamu ya 1969 ilhali walikwisha kukutana katika ile iliyoitangulia limeulizwa na kujibiwa mara nyingi mno, na kila anayeliuliza hudhani kuwa yeye ndiye wa kwanza kuliona. Kuanzia leo nitakuwa nikiwaelekeza watu hapa. Ninachodai ni kimoja tu: sehemu kubwa ya yale yanayoitwa makosa ya mwendelezo, yaani filamu moja kupingana na nyingine, haikutokana na uzembe wa waandishi, bali ilitokana na nani alikuwa na haki ya kuigiza riwaya ipi ya Ian Fleming, mwandishi aliyembuni Bond, na kwa mfuatano gani riwaya hizo zilifika mbele ya kamera.

Hatua ya 1. Tenga filamu 25 za kampuni ya Eon, kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021, kisha uweke kando mchezo wa televisheni wa Casino Royale wa 1954, kichekesho chenye jina hilohilo cha 1967, na Never Say Never Again ya 1983, ambazo hazikutengenezwa na Eon.

Hatua ya 2. Gawa hizo 25 katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni filamu 20 ambamo Bond aliigizwa na Connery, Lazenby, Moore, Dalton na Brosnan, ambamo Bond ni mtu mmoja anayebeba kumbukumbu chache za nyuma bila kuzeeka sambamba na kalenda. Fungu la pili ni filamu tano za Daniel Craig, ambazo ni hadithi moja yenye mwanzo, pale anapopewa idhini ya kuua, na yenye mwisho, pale anapokufa. Tukio la fungu moja halithibitishi wala halikanushi tukio la fungu jingine.

Hatua ya 3. Andika mwaka wa riwaya kando ya mwaka wa filamu. Hapa ndipo ubishi mwingi huzaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fleming alimjenga Blofeld katika riwaya tatu: Thunderball (1961), On Her Majesty's Secret Service (1963) na You Only Live Twice (1964). Katika ya kwanza Bond na Blofeld hawakutani ana kwa ana. Katika ya pili Bond anapanda milima ya Uswisi akijifanya mtaalamu wa nasaba na nembo za koo, na hila hiyo inaingia akilini kwa sababu Blofeld hajawahi kumwona. Mwishoni mwa kitabu hicho Tracy, mke wa Bond, anauawa muda mfupi baada ya harusi, na katika kitabu cha tatu Bond anamkuta Blofeld nchini Japani na kumuua kwa mikono yake mwenyewe. Ni hesabu iliyofungwa vizuri.

Filamu zilikuja kwa mfuatano mwingine: Thunderball 1965, You Only Live Twice 1967, On Her Majesty's Secret Service 1969. Kwa hiyo watazamaji waliwaona Bond na Blofeld wakizungumza uso kwa uso ndani ya volkano ya Japani, kisha miaka miwili baadaye wakamwona Blofeld akimpokea Bond huyohuyo kama mgeni asiyemjua. Filamu ya 1969 ilishikamana na kitabu chake kwa uaminifu mkubwa, na uaminifu huo ndio ulioifanya ipingane na filamu iliyoitangulia. Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kisasi. Kitabu cha kisasi kilikuwa kimekwisha kutumika kabla ya msiba wenyewe kuonyeshwa, na matokeo yake Diamonds Are Forever ya 1971 inaanza na Bond akimsaka Blofeld kwa hasira, lakini hakuna anayelitaja jina la Tracy.

Tahadhari ya kwanza: usiseme kwamba Blofeld hakumtambua Bond kwa sababu mwigizaji alibadilishwa. Ndani ya hadithi sura ya Bond haikubadilika, kwani wenzake kazini, yaani M (mkuu wake), Q (mtengeneza vifaa) na Moneypenny (katibu wa M), wanamtambua bila shida. Tahadhari ya pili: usidhani kwamba jina la filamu ni ushahidi wa chanzo chake. Kwa The Spy Who Loved Me Fleming aliruhusu jina tu litumike, si kisa chake, na Quantum of Solace haina chochote cha hadithi fupi iliyoipa jina. Tahadhari ya tatu: mwaka wa kitabu unaoutafuta ni ule wa toleo la kwanza, si ule uliochapwa kwenye nakala uliyoikuta kwa muuza vitabu vya mitumba.

Hatua ya 4. Uliza haki zilikuwa kwa nani. Thunderball ilianza kama mswada wa filamu ambao Fleming aliuandika pamoja na Kevin McClory na Jack Whittingham, kisha akaugeuza riwaya bila ridhaa yao. Kesi ilimalizika 1963 kwa McClory kupata haki za filamu, na ndiyo maana miaka 20 baadaye Connery alirudi nje ya Eon katika Never Say Never Again, ambayo ni Thunderball iliyopikwa upya. Kwa sababu ya mgogoro huohuo, mzee mwenye upara na paka, ambaye Bond anamtumbukiza kwenye bomba la moshi mwanzoni mwa For Your Eyes Only (1981), hatajwi kwa jina la Blofeld. Haki hizo zilinunuliwa kutoka kwa warithi wa McClory mwaka 2013, na filamu ya Spectre, yenye jina la genge la Blofeld, ikatoka 2015. Casino Royale nayo, riwaya ya kwanza kabisa ya 1953, iliuzwa mapema kwa watu wengine na haikufika kwa Eon hadi 1999, ndipo tukapata mwanzo wa Bond baada ya filamu 20.

Hatua ya 5. Tofautisha mwigizaji na mhusika. Charles Gray ni Henderson mwaka 1967 na Blofeld mwaka 1971. Maud Adams ni Andrea mwaka 1974 na Octopussy mwaka 1983. Joe Don Baker ni adui mwaka 1987 na rafiki mwaka 1995. Hakuna fumbo hapo.

Hatua ya 6. Ukimaliza hayo yote na dai lako bado limesimama, lilete.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpita Njia: Mkuu, kwani James Bond si jina la kazi tu linalorithishwa? Ndiyo maana sura zinabadilika.

Mwandishi: Soma tena Hatua ya 2. Tracy alifunga ndoa na Bond wa Lazenby. Bond wa Moore anakwenda kwenye kaburi lake mwaka 1981, na jiwe linamtaja kuwa mke wa James Bond. Mwaka 1989 rafiki yake Felix Leiter anasema kuhusu Bond wa Dalton kwamba aliwahi kuoa zamani. Watu hawarithishani ujane. Kwa fungu la pili, Skyfall inaonyesha kaburi la wazazi wake, Andrew Bond na Monique Delacroix Bond. Kinachorithishwa ni namba 007, kama jasusi Nomi alivyoichukua katika No Time to Die.

Mpita Njia: Lakini Lazenby mwenyewe, mwanzoni mwa filamu ya 1969, anasema hayo hayakumpata yule mwenzake. Huo si ushahidi?

Mwandishi: Huo ni mzaha wa kuwaaga mashabiki wa Connery. Katika filamu hiyohiyo anafungua droo ya meza yake na kutoa kisu cha Honey wa Dr. No, saa yenye waya wa kunyongea ya Grant wa From Russia with Love, na kifaa cha kupumulia majini cha Thunderball. Ukitaka kuitumia filamu kama shahidi, msikilize shahidi mpaka mwisho.

Binti wa Pwani: Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua zako, nikakwama kwa Judi Dench. Ni M wa Brosnan tangu GoldenEye ya 1995, kisha ndiye anayempandisha cheo Craig akiwa bado mchanga kazini katika Casino Royale. Je, mafungu mawili hayavunjiki hapo?

Mwandishi: Marahaba, na ahsante kwa kufanya kazi kabla ya kuuliza. Hayavunjiki, kwa sababu filamu zinakuonyesha M wawili wenye uso mmoja. Yule wa 1995 ni mgeni ofisini anayemwona Bond kuwa masalia ya Vita Baridi. Yule wa 2006 ni mkongwe anayeikumbuka Vita Baridi kwa hamu. Mwongozaji wa filamu zote mbili ni Martin Campbell, kwa hiyo sidhani kwamba alisahau. Walimbakiza kwa sababu alikuwa mzuri mno kuachwa. Swali gumu zaidi katika fungu hilo ni gari: Craig anashinda Aston Martin DB5 kwa kamari huko Bahamas, yenye usukani wa kushoto, lakini DB5 ya Skyfall ina usukani wa kulia, bunduki za siri na kitufe cha kiti cha kurusha abiria, kana kwamba imetoka Goldfinger ya 1964. Hilo mimi nalihesabu kuwa kosa halisi, lililofanywa makusudi ili watazamaji washangilie.

Komandoo Mstaafu: Steringi bora ni nani, Connery au Craig?

Mwandishi: Hilo si swali la somo hili.

Mla Kashata: Nimeona kwenye kanda iliyotafsiriwa Kiswahili kwamba Bond anasema Le Chiffre, yule adui wa Casino Royale, ni ndugu yake. Mbona hukulitaja?

Mwandishi: Kwa sababu halimo. Wasimulizi wa vibanda umiza wana kipaji chao na ninawapenda, lakini huongeza chumvi zao wenyewe. Kwa madai ya mwendelezo tumia sauti ya asili.

Mchapa Kazi: Kuhusu uigizaji: kila anapotajwa mwigizaji mpya, watu husema hafanani na Bond wa vitabu. Huyo wa vitabu yukoje hasa?

Mwandishi: Ana nywele nyeusi, kovu shavuni, na Fleming alimfananisha na mwanamuziki Hoagy Carmichael. Hakuna hata mmoja kati ya hao sita aliyefanana naye kikamilifu. Craig alizomewa mwaka 2005 kwa sababu ya nywele za dhahabu, na Lazenby ni Mwaustralia. Zaidi ya hayo, ni katika vitabu vyake vya mwisho, baada ya Connery kuonekana kwenye Dr. No, ndipo Fleming alipompa Bond baba Mskoti na mama Mswisi. Anayedai kwamba maandishi hayaguswi akumbuke kuwa huenda mwandishi mwenyewe aliyasogeza kumfuata mwigizaji.

Binti wa Pwani: Samahani kwa kurudi. Vile vipande vya riwaya vilivyoachwa, je, vilipotea kabisa?

Mwandishi: Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri. Eon hawatupi kitu. Papa anayemjeruhi Felix Leiter yumo katika riwaya ya Live and Let Die ya 1954, lakini alisubiri hadi Licence to Kill ya 1989, na Leiter wake akawa David Hedison, yuleyule wa filamu ya Live and Let Die ya 1973. Kuburutwa baharini nyuma ya mashua kumo katika riwaya hiyohiyo, kukaonekana mwaka 1981 katika For Your Eyes Only. Milton Krest wa hadithi fupi ya The Hildebrand Rarity alihamia Licence to Kill. Kitabu cha You Only Live Twice, kilichonyang'anywa kisasi chake mwaka 1967, kililipwa mwaka 2021: bustani ya sumu, Bond kuwa na mtoto asiyemjua, hata maneno ambayo M anayasoma kumkumbuka, vyote tayari vimo humo. Ukisoma kitabu hicho kisha ukatazama No Time to Die, utaona kwamba ni tafsiri yake iliyo karibu zaidi kuliko ile yenye jina lake.

Mpita Njia: Sasa kama amekufa, mbona mwishoni wameandika kwamba atarudi?

Mwandishi: Atarudi katika fungu la tatu. Februari 2025 ilitangazwa kwamba Amazon MGM Studios inachukua usukani wa ubunifu kutoka kwa Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, na baadaye mwaka huohuo Denis Villeneuve akatajwa kuwa mwongozaji. Filamu yake ikitoka, nitaongeza mstari mmoja kwenye Hatua ya 2.