Kuandaa vyumba vya wageni katika nyumba kongwe ya mawe, Mikindani

Kabla hujanunua hata godoro moja, weka kiganja ukutani. Nyumba kongwe za Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani kupitia lipu. Ukikuta lipu ya saruji, igonge kwa kidole: ikilia kama debe tupu, imeshaachana na jiwe. Saruji hufungia unyevu ndani, ukapanda juu zaidi, chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache ya mvua vipande hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Ndiyo asili ya ule uvundo ambao mgeni huusikia kabla hata hajauona mlango wa nakshi.

Ulizia kwanza ruhusa, maana baadhi ya majengo haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kisha bandua saruji taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, na uuache ukuta ukauke kiangazi kizima, kuanzia Juni hadi Oktoba.

Lipu mpya iwe ya chokaa. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kuchanganywa na maji, ilale pipani chini ya maji kwa wiki mbili angalau. Miezi mitatu ni bora zaidi. Chembe ambazo hazijazimika sawasawa huvimba zikiwa tayari ukutani na kuacha vishimo. Changanya debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Lowesha ukuta, piga lipu isiyozidi sentimita 1 kwa tabaka, halafu itundikie magunia mabichi kwa siku tano hivi, kwani jua likiikausha haraka itapasuka na kubaki unga. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne, siku nzima ikipita kati ya mkono na mkono. Rangi ya mafuta inaharibu kazi yote hiyo kwa mchana mmoja.

Dari ni boriti za mikoko. Zichunguze moja moja kwa bisibisi, hasa ncha zilizoingia ukutani, maana huko ndiko zinakoanzia kuoza na ndiko mchwa hupandia. Bisibisi ikizama bila nguvu, boriti hiyo haifai tena. Mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo badilisha kwa mbao ngumu iliyotiwa dawa. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja: lijengee mnara wake uani, lisikae juu ya nyumba.

Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, mara nyingi mita 2.5 hadi 3. Pima kabla ya kumwagiza fundi seremala. Katika chumba cha mita 2.5, kitanda cha futi 5 kwa 6 kinaacha mita moja: kiweke katikati, nusu mita kila upande, ili watu wawili washuke bila kurukana na ukuta upate hewa. Kabati lililobanwa ukutani huota ukungu mgongoni, kwa hiyo liachie nafasi ya kiganja. Chandarua cha duara kinachoning'inia darini kinagombana na feni. Simamisha nguzo nne kitandani, uvishe chandarua cha pembe nne, feni izunguke juu yake. Nyaya za umeme zipite juu ya ukuta ndani ya mifereji ya plastiki, usichimbe jiwe.

Choo na bafu ndivyo vinavyoua nyumba hizi. Visipandishwe ghorofani juu ya boriti, kwani uvujaji mdogo tu wa bomba huozesha sakafu kimyakimya. Jenga vyoo uani, vikiwa na ukuta wao wenyewe, na njia yenye paa ili mgeni asilowe usiku wa mvua.

Ukumbi uuache wazi. Upepo unaoingia mlango wa mbele na kutokea uani ndio kipoza hewa cha nyumba, na kabati moja kubwa linatosha kuuziba. Mikeka, viti vya kamba na meza ndefu moja ya kifungua kinywa vinatosha: chai ya tangawizi, vitumbua, mihogo, embe za msimu, korosho za kukaanga. Anayewahi basi la alfajiri la Dar afungiwe chakula chake tangu usiku.

Baraza la nje lisizungushiwe uzio. Majirani wamelikalia miaka yote, na mgeni anayesalimiwa pale asubuhi anakuwa ameujua mji. Ila mwambie mapema avae nguo za heshima akitoka, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Ngazi za zamani zina mwinuko mkali na vidato visivyolingana. Funga mshikio wa mbao upande mmoja, paka chokaa nyeupe kwenye ukingo wa kila kidato, na weka taa ya betri juu na chini, kwa usiku umeme unapokatika.